Kuteguka Mguu Uwanjani: Kinga na Tiba Yake kwa Mazoezi ya Viungo

Katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo kila baada ya mashindano ya madarasa hutuletea wanafunzi wanaochechemea barazani, nalo ni majeraha ya michezoni. Majeraha haya ni mengi na hatuwezi kuyaeleza yote katika kurasa hizi chache. Kwa hiyo tumechagua moja, lililo miongoni mwa yale ya kawaida kabisa katika mpira wa miguu na mpira wa pete, yaani kuteguka kifundo cha mguu. Atakayelifahamu hili, inshaallah, atafahamu pia njia ya kukabiliana na mengine mengi.

Tumelichagua kwa sababu nyingine vilevile. Mfupa ukivunjika hakuna anayefanya mzaha, mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Lakini mguu ukiteguka husemwa kuwa ni kuteguka tu. Mchezaji hukandwa, hupumzika siku tano, maumivu yakipungua hurudi uwanjani, na baada ya wiki chache mguu uleule huteguka tena, safari hii kwa kukanyaga kijiwe tu njiani. Wapo vijana wa miaka 16 ambao wameteguka mguu mmoja mara nne au tano, na wamekwisha kuamini kuwa mguu wao umeumbwa mbovu. Haukuumbwa mbovu. Uliachwa kabla tiba yake haijakamilika.

NINI HUTOKEA NDANI YA MGUU

Kifundo cha mguu hushikwa na kano. Kano tunazozikusudia hapa ni nyuzi ngumu, mfano wa kamba ya katani, zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa nje wa kifundo zipo tatu, na upande wa ndani lipo fungu moja pana lenye nguvu zaidi. Mchezaji anapotua vibaya baada ya kuruka, au anapokanyaga shimo au mguu wa mwenziwe, wayo hupinduka kwa ndani na uzito wa mwili wote hushukia zile kano za nje. Ile ya mbele, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote tatu, huwa ya kwanza kuvutika au kuchanika. Vimishipa vya damu vilivyo karibu navyo hupasuka, na ndiyo maana kifundo huvimba na baada ya siku moja au mbili huonekana weusi wa damu iliyovilia chini ya ngozi.

Hapa tuseme neno juu ya lugha. Neno kuteguka limetupotosha kidogo, kwa sababu humfanya mtu adhani kuwa kuna mfupa uliotoka mahali pake. Akishadhani hivyo, atamtafuta wa kuurudisha. Ukweli ni kuwa mara nyingi sana hakuna mfupa uliohama, bali ni kano zilizochanika kwa kiasi kikubwa au kidogo. Sasa fikiri, kamba imechanika nusu, halafu mtu mwenye mikono ya nguvu anaishika na kuivuta ili "ikae sawa". Kule kulia "ko!" kunakowafurahisha watu hakuna maana kwamba kitu kimerudi.

Lipo jambo la pili linalotokea, nalo halionekani kwa macho wala halivimbi. Ndani ya kano na katika maungio zimo ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kuupasha ubongo habari za mguu: umeinama kiasi gani, umeelekea wapi, unaanza kupinduka au la. Ubongo ukipata habari hizo huiamuru misuli iliyo upande wa nje wa mguu, chini ya goti, ikaze na kuurudisha wayo. Yote hayo hufanyika kwa kasi kubwa, mwenyewe hajatambua. Kano zikichanika, habari hizo huharibika au huchelewa, na misuli nayo hudhoofika kwa kutotumika. Basi mguu unapoanza kupinduka mara ya pili, amri hufika ukiwa umeshapinduka.

Mwanafunzi aliyewahi kuteguka anaweza kujipima hapo alipo. Simama karibu na ukuta kwa mguu mzima, fumba macho, uhesabu hadi 20. Kisha fanya hivyohivyo kwa mguu ulioteguka. Ikiwa mguu huu unayumba na kukulazimisha kushika ukuta mapema zaidi kuliko ule, kuna kazi iliyobakia, hata kama maumivu yaliisha mwaka jana.

SIKU ZA MWANZO

Mchezaji aliyeteguka atoke uwanjani. Hili twalisema kwa mkazo kwa sababu katika mechi zetu wenzake humwambia ajikaze, naye hujikaza kwa kuona haya. Akishatoka aangaliwe kwanza kama hakuvunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni ambazo leo hutumika katika hospitali za nchi nyingi, na sehemu yake kubwa hata kiongozi wa timu anaweza kuifahamu. Mgonjwa apelekwe akapigwe eksirei ikiwa hawezi kwenda hatua 4 kwa mguu ule, hata kwa kuchechemea. Aende pia ikiwa anaumia anapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe, yaani ukingo wa nyuma au ncha ya ile mifupa miwili iliyochomoza kifundoni, ama mfupa ulio ubavuni mwa wayo upande wa nje, ama ule ulio upande wa ndani mbele kidogo ya kifundo. Mguu ukiwa umepinda, umekufa ganzi au umekuwa wa baridi, hapo hakuna kungoja hata saa moja.

Akiwa hana dalili hizo, mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kupanda juu, isiyobana hata vidole vikabadilika rangi. Barafu hupunguza maumivu. Iwekwe ndani ya kitambaa, isigusane na ngozi, kwa dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe. Ile desturi ya majumbani mwetu ya kukanda kwa maji ya moto na chumvi saa ileile haifai katika siku mbili tatu za mwanzo, kwani joto hupanua mishipa ya damu na uvimbe huzidi. Kuchua kwa nguvu nako ni hivyohivyo. Bibi zetu hawakosei kusema maji ya moto hulainisha viungo, ila wakati wake ni baadaye, uvimbe ukishatulia na kiungo kikiwa kigumu.

Ama kuhusu kupumzika, fundisho lenyewe limebadilika na ni vizuri mjue. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika katika kitabu chake kuwa jeraha la namna hii hutibiwa kwa mapumziko, barafu, kufunga na kuinua, na dunia nzima ya michezo ikaifuata kanuni hiyo. Mwaka 2014 daktari huyohuyo aliandika kuwa barafu nyingi na mapumziko ya moja kwa moja yanaweza kuchelewesha kupona. Leo wataalamu wengi huitumia barafu kwa ajili ya maumivu tu, na husisitiza mguu uanze kutikiswa mapema, kwa kiasi usichokiuma. Kano inayopona bila kuvutwa hata kidogo huunga kwa nyuzi zilizokaa ovyo, lakini inayopewa kazi ndogondogo nyuzi zake hujipanga kufuata upande wa nguvu inayoivuta.

Vidonge vya kutuliza maumivu vina mahali pake, lakini kumeza kidonge ili ucheze nusu fainali ni jambo jingine. Maumivu ni habari, na mwenye kuyanyamazisha ili akimbie juu ya kano iliyochanika atajua kiasi cha madhara kesho yake. Baadhi ya vidonge hivyo huumiza tumbo pia, hasa kwa mwenye kuvinywa bila kula.

MAZOEZI YENYEWE

Elimu hii ya kutibu kwa mazoezi na kwa mikono huitwa fiziotherapia. Nchini Tanzania hufundishwa katika hospitali ya KCMC kule Moshi, na wataalamu wake hupatikana katika hospitali kubwa nyingi. Aliyechanika vibaya, au aliyeteguka mara kwa mara, aende kwao. Wengi hufikiri kuwa wataalamu hao ni wa wazee waliopooza tu, na hivyo hukaa na mguu wao miaka. Ila mazoezi ya msingi hayahitaji mashine yoyote.

Anza siku ya pili au ya tatu, maumivu yakiruhusu, ukiwa umekaa na mguu unaning'inia. Kwa kidole gumba cha mguu andika hewani tarakimu kuanzia 1 hadi 10, kubwakubwa, mara tatu kwa siku. (Vitabu vingine husema uandike herufi. Sisi kwa adabu twapendelea wanafunzi wetu waandike tarakimu.) Kisha tandika taulo sakafuni na ulivute kwa vidole.

Ukiweza kusimama bila maumivu makali, nenda kwenye nguvu. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ufunge kitanzi, upande mmoja uuzungushe kwenye mguu wa meza iliyo nzito na mwingine kwenye wayo. Sukuma wayo kwa nje polepole, urudishe polepole zaidi, mara 10 hadi 15, pumzika, rudia mara tatu. Zoezi hili ndilo linaloijenga ile misuli ya nje tuliyoitaja, na katika yote ndilo wanafunzi wanalolidharau zaidi kwa sababu halitoi jasho. Ongeza kuinuka kwa ncha za vidole ukiwa umeshika ukuta, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja. Mguu wa mgonjwa ukiweza kuinuka mara nyingi sawa na mwenzake, nguvu zimerudi.

Sehemu ya tatu ni kuufundisha upya ubongo na mguu kusikilizana, na hapa ndipo watu wengi huachia njiani kwa kuwa maumivu yamekwisha. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki asubuhi na jioni. Ikishakuwa rahisi, fumba macho. Ikishakuwa rahisi tena, simama juu ya mto au godoro lililokunjwa. Kisha mwenzio akurushie mpira nawe uudake bila kushusha mguu wa pili. Kazi hii inataka wiki zisizopungua nane.

Je, inafaa kweli, au ni mchezo wa watoto? Jambo hili lilipimwa nchini Uholanzi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka kifundo waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu yao ya kawaida, lakini kundi moja likaongezewa mazoezi ya kusimama sawa, ya kufanya nyumbani kwa wiki nane, bila ya mwalimu wa kuwasimamia. Katika mwaka uliofuata, wasiofanya mazoezi hayo walioteguka tena walikuwa 33 katika kila 100, na waliofanya walikuwa 22. Mazoezi hayakuondoa hatari yote, lakini kwa kila watu 100 waliwanusuru 11, kwa gharama ya kusimama kwa mguu mmoja.

Tuongeze linalotuhusu sisi zaidi. Katika kikao cha tahiyyatu ya kwanza mguu wa kushoto hulazwa na mtu huukalia. Mkao huo huuvuta wayo chini na kwa ndani, yaani hasa upande ule ambao kano zilichanika. Mwanafunzi aliyeteguka mguu wa kushoto asijilazimishe katika wiki za mwanzo. Mgonjwa huswali kwa kadiri ya uwezo wake, hivyo na anyooshe mguu, au akalie kiti, na wenzake wasimcheke. Atakapoweza kukaa kikao hicho bila maumivu, basi kiungo kimerudisha mwendo wake.

KURUDI UWANJANI

Swali tunaloulizwa kila mara ni siku ngapi. Kuna mguu hurudi baada ya wiki mbili na kuna mguu hutaka miezi mitatu, kwa hiyo kuhesabu siku si njia nzuri. Tazama mambo unayoyaweza. Je, unatembea na kushuka ngazi bila kuchechemea? Unakimbia moja kwa moja? Unaruka kwa mguu mmoja na kufika mbali karibu sawa na kwa mguu mzima? Unakimbia kwa kupindapinda na kugeuka ghafla bila hofu? Likishindikana moja, yanayofuata yangoje. Na hofu nayo ni kipimo, kwani mchezaji anayeuogopea mguu wake hutua vibaya akaumia kwingine.

Wengi wenu mmesikia habari za Ronaldo wa Brazil, yule wa zamani. Novemba 1999, akiichezea Inter ya Italia dhidi ya Lecce, aliumia kano iliyo chini ya pia ya goti la kulia, akafanyiwa upasuaji Paris. Akapumzika karibu miezi mitano. Tarehe 12 Aprili 2000 akaingizwa katika fainali ya kombe la Italia dhidi ya Lazio, na baada ya dakika chache, akijaribu kumpita beki bila hata ya kuguswa, goti likaachia na kano ikakatika kabisa. Hatuwezi kusema sisi kuwa alirudishwa mapema, kwani alikuwa mikononi mwa mabingwa. Tunalolitaka msomaji alione ni hesabu ya mara ya pili. Alikosa msimu mzima wa 2000 hadi 2001, na siku baada ya siku kazi yake ikawa ni mazoezi ya kulijenga paja na goti, kukunja na kukunjua, pamoja na mtaalamu wake wa fiziotherapia. Katika Kombe la Dunia la 2002 alifunga mabao 8, mawili kati ya hayo katika fainali dhidi ya Ujerumani. Watu huyakumbuka mabao. Ile miezi isiyokuwa na mpira haina picha wala nyimbo.

KINGA

Kinga ni rahisi kuliko yote tuliyoyataja, na bado ndiyo haifanywi. Timu zetu hufika uwanjani, hupiga mashuti golini dakika tano, mwamuzi hupuliza kipenga. Wengine hukaa chini wakanyoosha miguu, lakini kunyoosha viungo peke yake hakujaonekana kupunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Kinachosaidia ni kuupasha mwili moto kwa mazoezi yenye nguvu na mizani ndani yake.

FIFA kupitia madaktari wake ilitunga mazoezi ya namna hiyo yanayoitwa FIFA 11+. Yote huchukua kama dakika 20, yaani dakika 8 za kukimbia polepole pamoja na kuzungusha nyonga na kugusana mabega na mwenzio, dakika 10 za nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, na dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kugeuka. Yalijaribiwa Norway kwa wasichana wachezao mpira, 1,892 kwa idadi, wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa katika timu zilizoyafanya majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mazito kwa karibu nusu. Dada zetu wa mpira wa pete wazingatie hili, kwani kuruka na kutua ndiyo kazi yao. Unapotua, kunja magoti, tua kwa ulaini, na goti lielekee vidoleni. Goti lisiingie ndani kugongana na mwenzake.

Zoezi moja la kulisisitiza ni la msuli wa nyuma ya paja, ambao wakimbiaji husema "umenishika". Piga magoti, mwenzio akushike vifundo kwa nguvu, kisha jiachie kuelekea mbele ukiwa umenyooka kama ubao, polepole kadiri uwezavyo, ukijidaka kwa mikono. Anza mara tatu tu, kwani kesho yake paja litauma. Wadenmark waliligawa zoezi hili kwa wiki 10 kwa nusu ya wachezaji 942, wakaeleza mwaka 2011 kuwa waliolifanya walipata majeraha 15 ya msuli huo, na wasiolifanya 52.

Yaliyobaki ni ya uwanja. Wanaocheza peku wasichanganywe na wenye viatu vya njumu. Mashimo ya upande wa goli la mashariki yafukiwe kabla ya mashindano, na hii ni kazi ya nusu saa kwa vijana kumi wenye majembe.

Kuanzia muhula ujao mazoezi hayo ya dakika 20 yatafanywa kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, kabla ya mpira kuanza. Wenye miguu iliyoteguka zamani waje hata kama hawachezi, na kila mmoja aje na kipande chake cha tyubu, urefu wa mkono mmoja.